Kata ya Filemon

Mtafiti wa maradhi ya akili alifika kwetu Kibosho mwaka uliofuata vita vya Kagera. Mimi ndiye niliyemwita. Kaka yangu Filemon alifia vitani, na mama alikuwa akizungumza naye migombani. Nilichoka kuchekwa kijijini. Nilitaka mama apelekwe hospitali.

"Shikamoo, mama. Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Marahaba. Namsikia mwanangu. Mwili wake haukurudi, kwa hiyo hupiga hodi mwenyewe kila jioni."

Mtafiti alinitazama kwa huruma. Kwa kiu ya kupanda mlima, aliichukua kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyowekwa mlangoni, akainywa yote.

Mama alicheka hadi machozi. "Umekunywa ya Filemon, baba. Sasa atakufuata wewe."

"Mama yako ni mgonjwa," mtafiti aliniambia tukitoka. "Kesho nitaleta gari."

Tulipofika kwenye ua wa mimea ya masale alisimama ghafla, akageukia migombani.

"Ni nani huyo anayeuliza kata yake iko wapi?"

Nami nilisikia. Sauti ile niliijua tangu utotoni.

Gari halikuja. Tangu siku hiyo, mimi ndiye ninayeijaza kata.