Wageni Wakorofi wa Shangazi

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa na sanduku la bati, barua ya mwalimu mkuu kuhusu tabia yangu, na nia njema ya kulala mpaka shule ifunguliwe. Barua ilisomwa kwa sauti, sanduku likasukumwa chini ya kitanda, na ile nia njema ikafa siku hiyohiyo, kwa sababu Shangazi alikuwa ameamua kujifunza Kiingereza.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Wakati huo alikuwa akifanya kazi hotelini, chumba cha kufulia: kufua mashuka, kupiga pasi foronya, kukunja taulo. Hakuwa amewahi kuzungumza na mgeni hata mmoja, ingawa alijua vizuri ni nani kati yao anayekula karanga kitandani. Sasa hoteli ilikuwa imeamua kukifunga chumba hicho na kupeleka nguo zake kwa watu wenye mashine kubwa. Wafuaji wote waliambiwa wajitafutie pengine. Nafasi moja tu ilibaki, ya mapokezi, na aliyeitaka alipaswa kufika mbele ya meneja Jumatatu ya wiki iliyofuata, ahojiwe kwa Kiingereza.

"Nikiikosa," alisema Shangazi, "nitashinda humu ndani na mama yangu, tukitazamana mpaka tuzeeke."

Bibi, ambaye ndiye mama huyo, alijibu kutoka jikoni: "Mimi nimeshazeeka. Na sikutaki. Nilikulea mara moja, inatosha."

Ndipo baraza la familia liliponiteua mimi kuwa mwalimu, kwa sifa moja tu, kwamba hapakuwa na mwingine.

Nilianza kwa njia ninayoijua, yaani ya shuleni. Nilichora jedwali la vitenzi kwa chaki kwenye mlango wa kabati, nikashika fimbo ya ufagio, nikamwambia arudie baada yangu. Alirudia. Nilipofika kwenye wakati uliopita nikageuka, nikamkuta amelala mdomo wazi, kichwa kimeegemea kapu la nguo. Kwa mara ya kwanza maishani nilielewa walimu wangu huona nini wanaponitazama.

Kesho yake nikabadili mtindo. Meza ya pasi ikawa kaunta ya mapokezi. Mfuniko wa sufuria na kijiko vikawa kengele. Funguo zote za nyumbani, pamoja na ule wa choo, nikazitundika kwenye misumari nyuma ya Shangazi. Kisha nikatoka nje, nikavaa koti la baba, nikarudi nikichechemea na kuugonga mfuniko ule kwa hasira.

"Bafuni kwangu kuna chura!" nilifoka kwa Kiingereza.

"Chura?" aliuliza Shangazi kwa Kiswahili. "Ameingiaje?"

"Adhabu!" nikasema. "Ukisema Kiswahili ukiwa kaunta, unakwenda mlangoni unawika kama jogoo."

Adhabu hiyo niliitoa bwenini, ambako nimewika mara nyingi kwa niaba ya wenzangu. Shangazi alibisha, akasema yeye ni mtu mzima, akanikumbusha ni nani aliyenibadilisha nepi. Mwishowe akaenda mlangoni akawika. Jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama kumekucha tena.

Tangu hapo hatukulala darasani. Nilikuja nikiwa bwana aliyepoteza meno yake ya bandia, anayeituhumu hoteli nzima kwa wizi. Nilikuja nikiwa bibi harusi, pazia kichwani, ninayetaka jua lizimwe kwa sababu linanipiga machoni. Nilikuja nikiwa jenerali asiyezungumza na mtu wa cheo chini ya kapteni. Mwanzoni Shangazi alijibu neno moja, akawika. Halafu maneno mawili, akawika. Halafu akaanza kupandwa na hasira, na hasira ikamletea Kiingereza ambacho sikujua alikitoa wapi.

"Bwana," aliniambia siku moja bila kupepesa, "meno yako yamo mdomoni. Nayaona kutoka hapa."

Jioni moja Bibi aliingia bila kubisha hodi. Alisimama mbele ya kaunta, mikono kiunoni. Akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama kidole, kisha akamtazama Shangazi. Shangazi akaomba radhi kwa Kiingereza. Akaeleza kuhusu vumbi. Akaahidi chumba kingine, tena chenye dirisha. Bibi akapitisha kidole mara ya pili. Jasho likaanza kumtoka Shangazi.

"Huyu ndiye mgeni mbaya kuliko wote," nilimnong'oneza.

"Mgeni gani?" akasema Bibi. "Nimekuja kuchukua pasi yangu."

Ilipofika Jumapili, hapakuwa na mkorofi duniani wa kumtikisa Shangazi. Kesho yake nilimsindikiza kwenye mahojiano nikiwa nimechomekea shati, nikitembea kama kocha wa timu inayokwenda kuchukua kombe.

Waliniweka kwenye benchi la ukumbini. Feni ya ofisini ilikuwa mbovu, kwa hiyo mlango uliachwa wazi, nami nikaona kila kitu. Meneja alikuwa mama mwembamba mwenye miwani ya kamba na sauti ya kubembeleza mtoto. Alisimama, akatabasamu, akamsalimu Shangazi kwa Kiingereza. Akamkaribisha kiti. Akamuuliza anajisikiaje leo, na kama angependa kumweleza kidogo habari zake.

Shangazi akanyamaza.

Meneja akadhani hakusikia, akarudia kwa upole zaidi. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Shangazi alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili na kuutazama kana kwamba majibu yamo ndani. Nami pale kwenye benchi nikagundua kosa. Katika masomo yetu yote, hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumsalimu Shangazi. Hakuna aliyemuuliza hali. Wote niliowaleta waliingia wakifoka na kutoka wakifoka. Nilikuwa nimemwandaa kwa vita, na sasa amekaribishwa chai.

"Pengine urudi siku nyingine?" meneja aliuliza, sasa kwa Kiswahili, akiifunika kalamu yake.

Kalamu ile ilipofunikwa, Shangazi akainua kichwa.

"Mama, naomba radhi," alisema. "Hebu nigombeze."

"Nikugombeze?"

"Kwa Kiingereza. Wewe ni mgeni, na bafuni kwako kuna chura."

Meneja akavua miwani. Nikaanza kupima kwa macho umbali wa kutoka benchi hadi mlango wa nje. Kisha ofisi nzima ikalia pwaa! Meneja alikuwa amepiga meza kwa kiganja.

Sijui mama yule alikuwa amemeza malalamiko ya wageni kwa miaka mingapi, lakini siku hiyo aliyatapika yote. Chura! Maji ya baridi! Mto mgumu kama tofali! Na chumba cha jirani kuna mtu anaimba usiku kucha! Wahudumu wakaanza kukusanyika ukumbini, trei mikononi.

Shangazi akanyoosha mgongo. Kwa Kiingereza akasikitika kuhusu chura, akauliza ana rangi gani, maana jana walimtoa wa kijani na kama huyu ni mwingine ni lazima wajue. Akatoa chumba cha ghorofa ya juu, ambako chura hafiki bila kusaidiwa. Kuhusu mto, akasema foronya yake aliipiga pasi yeye mwenyewe, na ataleta mwingine kabla mgeni hajamaliza kukasirika. Kuhusu anayeimba, akauliza kama anaimba vizuri.

Meneja akaegemea kiti akicheka mpaka akajifuta macho.

"Wageni wapole nitawapokea mwenyewe," alisema. "Wewe nipunguzie hao wengine. Utaanza kazi wiki ijayo. Ila kwanza mwambie aliyekufundisha akufundishe na kusalimiwa."

"Ndiye yule pale," Shangazi akanisonta.

Meneja akageuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Aa," alisema. "Basi tafuta mwingine."

Tulitoka mpaka getini. Hapo nikasimama, nikakohoa kama mwalimu wa zamu.

"Shangazi, wajibu wangu unaniuma. Ulisema Kiswahili mbele ya meneja. Tena sentensi nzima."

"We mtoto, leo? Hapa? Mlinzi anatuona!"

"Sheria ni sheria."

Alimtazama mlinzi. Akaitazama hoteli, madirisha yake yote na mashuka ambayo hatayafua tena. Kisha akanipa mkoba nimshikie, akajaza hewa kifuani, na akawika.