Keki ya Kosa

Siku Malene alipoacha kuja mafunzoni, mwalimu wake Vibeke alidhani amepitiwa na usingizi. Kibanda cha Malene cha kuchomelea vyuma kilikuwa kitupu, glavu ziko mezani kama alivyoziacha jana yake.

"Anayechelewa analeta keki," Vibeke alitangaza, na wasichana wakacheka.

Ndiyo ilivyokuwa desturi. Katika karakana za Esbjerg, Denmark, anayechelewa au kuharibu kazi huleta keki, wenzake wakala na kumtania, kosa likaishia hapo. Enzi za ujana wake Vibeke alilisha keki karakana nzima ya wanaume, na kila keki ilimsogeza karibu nao. Alipokabidhiwa mafunzo haya ya wasichana waliokosa shule na kazi ya maana, aliona asiwanyime hilo. Watendewe kama mafundi wengine.

Malene alikuwa na kipaji, ila ana papara. Mishono yake ilinyooka kuliko ya wote, lakini kila mara alitoboa bamba la chuma kwa haraka zake. Kwa hiyo ndiye aliyeleta keki mara nyingi zaidi. Kiwanda cha meli kilikuwa kimeahidi kumwajiri akifaulu mtihani wa Alhamisi, kwa mshahara ambao kwao hakuna aliyewahi kuupata.

Siku ya tatu bila Malene, Vibeke alipanda ngazi hadi kwenye fleti yake. Malene alifungua mlango nusu, mwanawe Viggo kamng'ang'ania mguuni.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umetususa? Mtihani keshokutwa, binti. Kiwandani wanakuulizia."

"Waambie siji."

"Kisa?"

Malene alimsukuma mtoto taratibu arudi ndani. "Unazikumbuka zile biskuti?"

Vibeke alizikumbuka. Malene alikuwa ameleta pakiti ya biskuti iliyokwisha kufunguliwa, na Vibeke akainyanyua juu wote waione. "Hii ni keki, au panya ametutangulia?" Wasichana walicheka mpaka wakashika meza. Malene naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Ulikuwa utani tu," Vibeke alisema.

"Najua. Panya mwenyewe huyo hapo." Alimwonyesha Viggo kwa kidevu. "Zilikuwa zake. Nilimnyang'anya, nikamwambia ni za kazini. Alilia njia nzima mpaka chekechea."

Uso ulimwaka Vibeke. Aliwatafutia wasichana wale viatu vya ncha ya chuma, nauli, hata mahali pa kuwaacha watoto, akajiona amefikiria kila kitu.

"Ungeniambia."

"Niseme mbele ya nani? Rikke kaja na keki ya krimu, kaokewa na mama yake. Mimi nisimame niseme kwangu hamna mayai?"

"Desturi hiyo naifuta leo hii. Rudi."

"Halafu wote wajue imefutwa kwa ajili ya nani."

Vibeke alitazama chini, kwenye viatu vidogo vilivyopangwa mlangoni.

"Nimeshapata kazi," Malene alisema, sasa kwa upole, kana kwamba yeye ndiye mwenye kufariji. "Hoteli ya stesheni. Naanza Alhamisi hiyo hiyo."

Mtihani ulifanyika bila yeye, na nafasi ya kiwandani akapewa Rikke. Siku hizi Malene anatandika vitanda hotelini kwa mshahara wa chini kabisa, na kibandani kwake anajifunza msichana mwingine.