Benki Haikuja Matangani

Kwanza ilisikika zipu. Ilivutwa polepole, jino baada ya jino, ikasimama, ikavutwa tena, kama anayeivuta anaogopa kuamsha mtoto. Lakini katika chumba kile cha mtaa wa Point, mjini Durban, hapakuwa na mtoto. Alikuwepo Bibi Akimana, amelala upande wa pili wa pazia, macho wazi, akimsikiliza mkwe wake Yvette akijitahidi asimsumbue. Miaka sita waliishi pamoja, na kila alfajiri Yvette aliufunga mkoba wake wa saluni namna hiyo hiyo. Wako watu hufanya wema ili waonekane. Huyu aliufanya gizani.

"Sijalala, mwanangu," Bibi akasema. "Vuta tu."

Yvette akacheka, akafunua pazia. Mkoba aliokuwa nao haukuwa wa saluni. Ulikuwa wa Bibi.

"Nimekuwekea karatasi za Audace, Mama. Najua utakwenda."

"Nimeahidi."

"Najua umeahidi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nenda basi. Siwezi kukufungia ndani kama kuku. Ila usitie sahihi kabla hawajazisoma hizi karatasi. Hilo tu ninaloomba."

Akambusu kichwani, akatoka kwenda kusuka nywele za watu.

Audace alikuwa mwana wa Bibi na mume wa Yvette. Figo zilimuua, miaka miwili sasa. Aliacha jozi mbili za viatu, simu yenye kioo kilichopasuka, na kadi ya benki, ile ya kukopea, aliyonunulia matairi ya gari la kazi na baadaye dawa.

Siku ya kuanua matanga walifuata desturi ya kwao Burundi, hapa hapa Durban, katika ukumbi wa kanisa. Watu walipokwisha kula, Bibi alisimama mwenyewe, maana mwanamume wa ukoo hakuwepo, akauliza kwa sauti: "Anayemdai mwanangu na aseme leo. Deni lake ni langu." Wakajitokeza watatu: fundi wa magari, mama mmoja wa kwaya, na Mzee Ladislas, aliyemwazimisha Audace koti, nalo halikurudi. Wote walilipwa, na Mzee Ladislas akapata koti jipya lenye joto kuliko la kwanza.

Benki haikuja.

Ikapita zaidi ya mwaka, ndipo simu zilipoanza. Hazikutoka benki. Zilitoka kwa kampuni ya kukusanya madeni, ambayo ilisema imelinunua deni la Audace pamoja na madeni ya watu wengine wengi. Bibi aliposikia hivyo aliuliza, "Limeuzwa? Kama mbuzi?" Yvette aliwapelekea cheti cha kifo, akakipeleka tena, na simu hazikukoma. Juzi mwanamke mmoja alimpata Bibi mwenyewe, akamuuliza kama analikubali deni la mwanawe. Bibi angejibu nini? Alijibu alivyojibu mbele ya watu. Basi, akaambiwa, njoo utie sahihi, kila mwezi utalipa randi elfu moja na mia mbili, mpaka zitimie elfu ishirini na nane.

Bibi aliuza karanga Warwick, penye kituo kikubwa cha teksi. Karanga hazitoi elfu moja na mia mbili. Alijua fedha hiyo ingetoka wapi: ingetoka katika akiba ya Yvette ya kukodi kiti chake mwenyewe katika saluni moja ya Isipingo, baada ya miaka sita ya kusukia kwenye kiti cha mtu mwingine. Mwezi ujao ndio angeanza. Na Yvette hakukitaja hicho kiti hata mara moja. Kama angelia, kama angegomba, Bibi angepata la kumjibu. Badala yake alimpangia karatasi.

"Dawa ya deni ni kulipa," Bibi akajiambia, akakanda unga. Kwa mdai wako huendi mikono mitupu. Akakaanga maandazi ishirini, akayafunga katika kitambaa safi, akashika njia.

Mlangoni mwa jengo, mlinzi alimsogezea daftari.

"Umekuja kwa sababu gani, gogo?" akauliza, akimwita bibi kwa Kizulu.

"Kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Aliyemkopesha mwanangu."

Mlinzi alimtazama, akatazama kitambaa kilichokuwa kikitoa harufu. "Eish," akasema, akaandika vile vile alivyoambiwa. Kisha akaacha kiti chake, akamwingiza kwenye lifti na kumbonyezea ghorofa ya tatu, maana aliona anaviogopa vile vitufe.

Juu kulikuwa na meza nyingi, na kila meza mtu na simu yake, wote wakizungumza kwa pamoja. Akaitiwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na wadaiwa wa Kiswahili na Kifaransa. Jina lake Cédric, mtu wa Uvira, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwao Bibi.

"Karibu, koko," akasema, maana ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita bibi. "Wamenambia unakuja kutia sahihi."

"Kwanza nionyeshe mdai, nimsalimie."

"Mdai ni kampuni."

"Kampuni ina uso? Nataka yule aliyempa mwanangu fedha mkononi."

Cédric akakuna shingo. "Hayuko hapa, koko. Hapa hakuna hata mmoja aliyempa kitu."

"Basi haya maandazi nitampa nani?"

Kwenye meza ya jirani mtu akacheka, akatahayari, akainamia simu yake. Cédric hakucheka. Karatasi ya kukiri deni ilikuwa mbele yake, imekwisha pigwa chapa, na jina la Bibi lilikuwa chini yake likingoja. Kalamu ilikuwa juu. Bibi alinyoosha mkono kuichukua.

Cédric akaiondoa, akaitia mfukoni mwa shati.

"Ngoja kidogo," akasema, sauti imeshuka. "Mama wa marehemu hadaiwi, koko. Deni la marehemu linalipwa na mali aliyoacha, na kama hakuacha mali, basi. Lakini ukiweka jina lako hapa, kuanzia leo ni deni lako. Mimi nalipwa nikikupa hii kalamu. Siwezi kukupa."

"Mwanangu, mimi nilisimama mbele ya watu. Nilisema deni lake ni langu. Nisimwache amelala na deni."

Cédric akaigeuza ile karatasi kifudifudi. Kwao Uvira pia watu husimama hivyo. Alijua kwamba maneno ya sheria hayawezi kumnyang'anya mama neno lake.

"Iko karatasi yoyote?" akauliza.

Bibi akafungua mkoba. Yvette alikuwa amezipanga vizuri, moja juu ya moja. Ya juu ilikuwa nakala ya cheti cha kifo, na pembeni ilikuwa na muhuri wa buluu.

"Huu muhuri ni wa nani?"

"Wa benki," Cédric akasema. "Wamepokea. Iko na tarehe: tarehe tisa Machi."

"Machi ya mwaka ule ule aliokufa?"

"Ndiyo, ule ule."

Basi Yvette alikuwa amewapelekea cheti mapema. Bibi akahesabu kwa vidole, taratibu, akarudia. Matanga waliyaanua tarehe ishirini ya mwezi huo huo.

"Kumbe walijua," akasema. "Kabla sijasimama, walijua ameshakufa."

"Walijua, koko."

"Hawakuja. Hawakutuma mtu. Hawakuandika." Akainua uso. "Kwetu, aliyesikia msiba akanyamaza mpaka matanga yakaanuliwa, amesamehe. Hawezi kurudi mwaka wa pili. Wala hawezi kumuuzia mwenzake alichokwisha samehe. Kwenu Uvira si hivyo?"

"Ni hivyo hivyo, koko."

"Basi sitii sahihi. Siyo kwamba nakataa deni la mwanangu. Halipo."

Cédric akazichukua zile karatasi, akaenda nazo kwa mkubwa wake, Bi Govender, aliyekaa nyuma ya kioo. Bibi hakusikia, ila aliona. Aliona mama yule akitikisa kichwa, na Cédric akiweka kidole kwenye muhuri, asikiondoe. Kichwa kikatikiswa tena. Kidole hakikutoka. Wenzake wawili wakaacha simu zao kutazama. Alikaa huko nusu saa, katika kazi ambayo mtu hulipwa kwa kila anayemtia kitanzini. Bibi alimwombea mama aliyemlea, popote alipo.

Aliporudi alikuwa na barua ya ukurasa mmoja. Akaisoma kwa Kiingereza, akaieleza kwa Kiswahili: kwa kuwa benki ilijua kifo kabla ya kuliuza deni, na marehemu hakuacha mali, faili la Audace limefungwa, familia yake isipigiwe simu tena. Akaikunja mara mbili na kuitia mwenyewe ndani ya mkoba.

"Bi Govender amesema pole kwa msiba," akaongeza. "Kweli amesema."

"Mwambie ahsante. Nawe, watakufanya nini?"

"Labda wataniambia mwezi huu sijaleta kitu." Akatabasamu. "Itakuwa kweli."

Bibi akafungua kitambaa, akapitisha maandazi meza kwa meza, akianzia kwa yule aliyecheka. Simu zikapungua. Bi Govender alitoka nyuma ya kioo, akachukua moja, kisha akarudi kwa la pili. Mawili Bibi aliyaweka kando kwa ajili ya mlinzi.

Cédric alimsindikiza hadi kwenye lifti, akambonyezea, akauzuia mlango kwa mkono usifunge.

"Mimi hapa miaka minne, koko. Watu wanakuja wakilia, wanakuja wakitukana. Hakuna aliyewahi kuja kusalimia." Mlango ulikuwa ukimsukuma, naye hakuuachia. "Jumatano nakuwa hapa siku nzima. Ukitoka Warwick, pita tena. Si lazima uwe na deni. Pita tu, utusalimie."