Tepu ya Mabadiliko

Jumanne asubuhi, Hedwiga alipokuwa akimalizia chapati yake, faili la udhibiti liliharibika. Alikuwa mwendesha mitambo katika kituo kimoja cha kumbukumbu za ardhi mjini Same, na faili hilo ndilo lililoiambia kompyuta kuu kila rekodi imewekwa wapi. Bila hilo, rekodi zilikuwepo zote, ila hakuna iliyoonekana.

Bosi wake, Godwin, alisimama mlangoni. "Rudisha nakala, Hedwiga. Wananchi wanangoja."

Nakala za karibuni hazikusomeka. Iliyosomeka ilikuwa tepu ya mwaka juzi. Akaipakia, faili likakaa sawa, na wilaya nzima ikarudi ilivyokuwa mwaka juzi. Lami ya kwenda stendi ikawa vumbi tena. Waliokuwa ndani ya ofisi walikumbuka yote. Wa nje hawakukumbuka kitu. Diana, karani wa masijala, alikuwa amelowa maziwa kifuani. Akampigia mama yake simu.

"Nimemuuliza mtoto anaendeleaje," alisema alipokata. "Ananiuliza mtoto gani."

Mchana mzee Anderson alishuka kwenye basi la Bombo na kiroba cha tangawizi. Alikuwa baba yake Hedwiga, na walimzika Agosti ya mwaka jana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Hedwiga akampeleka kwa mama ntilie, akamwagizia makande. Mzee alikula taratibu, akisimulia jinsi tangawizi za shamba la chini zilivyonenepa. Shamba hilo ndilo lililomuua. Ofisi ilisema ameliuza mwenyewe, kwamba uzee umemsahaulisha. Akabisha miezi, mpaka moyo ukamsimama penye uzio mpya.

"Baba, ulishawahi kufikiria kuliuza?"

"Niliuze? Kwani nimechoka kula?"

Waliporudi ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine. Godwin alikuwa ameshika tepu ya mabadiliko. Humo mlikuwa na kila kilichoandikwa tangu siku ya nakala ile, kwa mfuatano wake. Ikiendeshwa, faili lingefika leo.

"Kuna badiliko moja naomba tuliruke," Hedwiga alisema.

"Hairukwi. Ukiruka moja, yote yanayofuata yanakosa pa kukaa."

Hilo lilikuwa kweli. Hedwiga akamtazama Diana. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, nayo imeshalowa.

"Huyo binti ana nini?" mzee aliuliza.

"Mtoto wake hayupo, baba. Yumo kwenye hiyo tepu."

"Sasa unangoja nini?"

Hakujua mengine yaliyokuwamo, na Hedwiga hakumwambia. Akaipachika tepu, akabonyeza.

Mabadiliko yakaanza kupita. Kisha mkono wa Godwin ukainuka wenyewe, ukachukua kalamu na hati ya shamba, ukaandika jina la shemeji yake palipokuwa na jina la Anderson. Kidole gumba chake kikachovya wino, kikagonga mahali pa dole la mzee. Wote wakatazama.

"Kumbe ni wewe," mzee alisema.

Godwin akafuta kidole kwenye suruali. Tepu ikaendelea mpaka Agosti, na kiti kikabaki kitupu. Baadaye kidogo simu ya Diana ikaita. Mtoto alisikika akilia. Diana akakwapua mkoba, akakimbia bila kuaga.

"Nitasema," Hedwiga alisema.

"Utamwambia nani? Rekodi inasema aliuza." Godwin akainama kutazama skrini. "Faili liko sawa?"

"Liko sawa."

"Basi tengeneza nakala mpya, tusirudi tena huko nyuma. Tumia tepu ileile ya mwaka juzi, mpya hazijaletwa."

Hedwiga alikaa na tepu hiyo mapajani mpaka Godwin akarudi kuchungulia mlangoni. Halafu akaipachika, akaandika nakala mpya juu ya ile ya zamani, na alipoijaribu ikasomeka vizuri.