Kitendawili Kilichokwama Sikioni

Kitendawili! Itikia basi, usinitazame tu. Nina majiko mawili: nikichochea hili, lile linafuka moshi. Ni nini? Usikimbilie kunipa mji. Hata mimi sikuwa najua, na kitendawili chenyewe si changu. Nilikitoa pagumu. Kaa nikusimulie.

Usiku wa jana niliota ninaingia ndani ya sikio langu mwenyewe, la kushoto, nimejifunga kanga na miguuni nina kandambili za msalani.

Lakini kwanza ujue nililalaje. Nililala nimenuna. Nina mafua tangu mvua zianze, na sikio la kushoto limeziba, kila anayesema upande huo namsikia kama mtu aliyetumbukia mtungini. Jana alasiri mjukuu wangu Siwema alinijia mbio, akanikaba shingo, akaninong'oneza kwenye sikio hilo hilo. Nikapata joto la pumzi, basi. Kumbe ni kitendawili! Kitendawili cha kwanza alichokitunga yeye mwenyewe, si hivi vyangu ninavyomfundisha.

"Rudia, mama," nikamwambia.

"Bibi, si wewe uliyesema kitendawili hakirudiwi?"

Kweli nilisema. Sheria ni yangu. Akangoja, akaona nimeduwaa, akasema kwa sauti, na hiyo nikaisikia vizuri sana: "Basi naenda kumtegea Bibi Mwajabu."

Bi Mwajabu ni mama yake mkwe wangu. Anakaa ng'ambo ya reli, hapa hapa Kilosa. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kutega, yeye ndiye anayetegewa! Siwema akarudi magharibi na sahani ya vitumbua, zawadi kutoka kwa huyo huyo. Nikamuuliza, "Haya, alijibu?" Mtoto mdomo umejaa kitumbua. "Alichekaaa," akasema, akaenda zake kwao. Nikaifunika ile sahani kwa kawa. Sikuonja hata kimoja. Nikalala.

Basi naingia sikioni. Tundu la sikio ni stesheni ya reli. Karani wa tiketi ni bonge la nta, limevaa kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Sikio la kati."

"Una mzigo?"

"Wivu."

Anauweka kwenye mizani. Mshale unazunguka, unarudi ulikotoka, mizani inapiga chafya.

"Huu hauingii behewa la abiria," anasema. "Ubebe mwenyewe kichwani."

Naubeba. Mwisho wa njia naikuta ngoma, imewambwa ukuta mzima, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nami nilizoea ngoma iliyotuna. Hii imebonyea kwa ndani kama tumbo la mtu aliyefunga.

"Mbona umekonda?" namuuliza.

"Ndani hakuna hewa," anasema Ngoma. "Mlango wa nyuma umefungwa. Hewa iliyokuwemo imenywewa na kuta, sasa navutwa mimi. Kabla ya mafua nilikuwa natetemeka vizuri, mbu tu akipita nacheza."

"Nipishe nipite."

"Hapapitiki na miguu. Hapa inapita sauti."

Basi nikawa sauti. Nikawa kikohozi changu kile cha alfajiri, nikapita bila kumtoboa.

Ndani ni chumba kidogo, kadiri ya kabati la vikombe. Nageuka, si kabati tena, ni jiko la Bi Mwajabu. Sufuria zake zile zimening'inia ukutani, zinang'aa mpaka zinaudhi. Sakafuni kumejaa maji mazito kama uji, yananifika kwenye vifundo vya miguu. Na ndani ya uji huo wamesimama mifupa watatu, wanagombana.

Wa kwanza ni Nyundo. Amekumbatia ngoma kwa mkono mrefu. Wa pili ni Fuawe, mnene kama chuma anachofulia mhunzi, yuko katikati. Wa tatu ni Kikuku, mdogo kuliko punje ya mchele, amesimama mlangoni pa kidirisha cha mviringo na mguu wake umeziba kidirisha chote.

"Huyu Nyundo anaringa kwa kuwa analala na ngoma," anasema Fuawe. "Na huyu mdogo anaringa kwa kuwa ana dirisha. Mimi nina nini? Nasukumwa huku, nasukuma kule. Hakuna hata siku moja mtu aliyesema, ahsante Fuawe."

"Ahsante Fuawe," nasema.

"Umechelewa."

"Kazi nafanya mimi," anasema Kikuku, na kwa udogo ule sauti yake ni ya mkunga. "Nyuma ya hili dirisha ni maji. Sauti ya hewani ikigonga maji hurudi ilikotoka, kama jiwe ulilorusha likaruka juu ya ziwa. Ngoma ni pana kama ungo, dirisha langu ni kama kifungo cha shati. Msukumo wote wa ungo unakuja kuishia kwenye kifungo. Ndiyo maana maji yanatii. Lakini ukimuuliza mtu sikio ni nini, atakuonyesha lile sikio la nje linalovaa hereni!"

"Na hereni zenyewe za kuazima," anasema Nyundo.

Hapo nakiona. Kimekaa katikati yao ndani ya uji, kimevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka.

"Shikamoo, Bibi," kinasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi kitendawili cha Siwema. Nimefika tangu jana alasiri. Hawa hawanipokezani."

"Mbona ulikwenda kwa Bi Mwajabu?"

"Kule alikwenda ndugu yangu pacha. Alipita moja kwa moja. Kule kukavu."

Kukavu! Ule mzigo kichwani ukaongezeka uzito, nikazama kwenye uji mpaka magotini.

"Mpitisheni!" nawaambia mifupa.

"Nani asukume mwenzake ndani ya uji?" anasema Nyundo. "Fungua mlango wa nyuma, uji ushuke, hewa iingie."

Mlango wa nyuma uko chini pembeni. Ni mdomo wa mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Umekunja midomo kama mimi nilivyoikunja.

"Hodi," nasema.

"Mimi sifunguliwi kwa hodi," unajibu. "Nafunguliwa kwa kumeza au kwa kupiga mwayo. Mwenye nyumba amenuna, mate yenyewe anayameza kwa uchoyo."

Najaribu kupiga mwayo. Haupigiki. Najishika mdomo, naona umeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono mzuri kabisa, na pembeni pameandikwa kwa sindano: Imeshonwa Nyumbani. Nasema kwa kupitia puani. Hakuna anayeshangaa.

Ukutani pakatokea mkono wa Bi Mwajabu, naujua kwa hina. Umeshika kitumbua.

"Kula, mkwe mwenzangu," unasema mkono.

"Sili."

"Kwa nini?"

"Una mkono mzito wa iliki."

"Umeonja?"

"Sijaonja."

Mifupa watatu wakatazamana. Ni mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana.

Kitendawili kikanivuta kanga. Maji yalikuwa yamekifika kifuani. "Bibi," kikasema, "mimi nikilala humu tena nitaganda. Nitakuwa nta, unitoe kwa kijiti, unifute kwenye ukuta. Siwema hatatunga kingine cha kukunong'oneza. Atasema bibi yule hasikii."

Wewe ungefanyaje? Nikakata uzi kwa meno. Nikakichukua kile kitumbua, nikauma. Sasa nasema kweli kwa kuwa ilikuwa ndoto: kilikuwa laini kuliko vyangu. Nikakitafuna, nikakimeza, na ule wivu ukashuka nao, una ukakasi kama embe changa.

Pwa!

Mlango ukafunguka. Hewa ikaingia kwa kishindo, uji ukashuka mrijani kama maji ya kuoshea vyombo, na Ngoma akanyooka, akatuna, akasema "Aaah" kama mtu aliyefungua mkanda.

Kitendawili kikapanda bega la Nyundo. Nyundo anamsukuma Fuawe. Fuawe anamsukuma Kikuku. Kikuku anapiga dirisha kwa mguu wake mmoja, na upande wa pili bahari inatikisika, na ndani ya bahari amelala konokono, na konokono anainua kichwa, anasema, "Enhe, nakusikiliza."

Nikasikia. Sauti ya Siwema, na pumzi yake, na kicheko alichokibana mwishoni: Nina majiko mawili, nikichochea hili, lile linafuka moshi.

"Jibu lake nini?" nikawauliza.

"Mume wa wake wawili," akasema Nyundo haraka.

"Usimsikilize," akasema Kikuku. "Sisi hatujibu. Tunapitisha tu."

"Mimi nampa mji," akasema Fuawe, "ili na mimi niwe nimetoa kitu."

Nikataka kuwabana zaidi, ikapigwa kelele kubwa upande wa stesheni. "Shikaneni!" akapaza sauti Ngoma. Mara msuli mwembamba kama uzi wa kushonea ukamdaka Kikuku kiunoni, ukamvuta nyuma asije akavunja dirisha. Hiyo ndiyo kazi yake, kumshika mdogo wakati wa makelele. Kelele ikalia tena. Ilikuwa honi ya treni ya mizigo.

Nikaamka. Treni ilikuwa inapita kweli, na nilikuwa naisikia kwa masikio yote mawili, mpaka na tone la bati linaloangukia ndoo.

Nikajigusa mdomo. Vidole vina mafuta. Kwenye meno kuna harufu ya iliki. Nikawasha taa, nikafunua kawa. Kwenye sahani, nafasi ya kitumbua kimoja ilikuwa wazi, limebaki duara la mafuta tu. Na mlango wangu nilikuwa nimeufunga kwa komeo.

Asubuhi Siwema alipita akienda shule. Soksi moja imeshuka. Nikamvuta, nikamnong'oneza kitendawili chake, neno kwa neno.

"Bibi! Kumbe ulisikia!"

"Nilisikia. Kilichelewa njiani. Jibu lake mume wa wake wawili."

Akaruka. "Hapana! Bibi Mwajabu naye alisema hivyo hivyo! Akashindwa, akacheka, akanipa Tabora."

Alishindwa! Uso wangu sikuubadilisha, lakini moyoni palipoa.

"Mimi nakupa Morogoro," nikasema.

"Tabora iko mbali zaidi."

"Basi chukua Mwanza. Na ziwa lake."

Akafikiri, akakubali. Akasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha. "Nilikwenda Mwanza, nikala sato, nikalala kwenye godoro, wenyeji wakalala kwenye mkeka." Akatazama sahani ya vitumbua, akaliona lile duara la mafuta, akanitazama mdomo wangu. Halafu akaja tena kwenye sikio la kushoto, akaninong'oneza polepole, nisikose hata herufi:

"Ni bibi zangu wawili."