Siti ya Dada

Twiga alipewa jina hilo kwa urefu wake, na urefu huo ndio uliomchelewesha kuupata ugonjwa wa gari. Fundi akiingia kwenye gari la mteja, kabla hata ya kugusa ufunguo, mkono wake hushuka chini ya siti na kuirudisha nyuma. Hafikirii, ni kama kuvua viatu mlangoni. Na Twiga, ambaye magoti yake yalikuwa yakigonga usukani hata wa lori, aliirudisha mpaka mwisho.

Gari lilikuwa la dada yake. Mara tatu alikuwa amelileta gereji akilalamika kwamba injini inamisi: inakohoa, inakata nguvu, kisha inajirudi yenyewe. Mara ya nne haikujirudi. Ilizima asubuhi kweupe katikati ya reli, pale anapovuka kila siku kwenda kazini, na wapita njia wawili wakalisukuma gari huku treni ikipiga honi kwenye kona. Alisimulia hayo akiwa ameukumbatia mkoba wake, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake.

"Shemeji yako anasema gari limenikataa," dada alisema. "Eti kuna watu ambao magari huwakataa tu."

"Mwambie gari si mchumba," Twiga alijibu.

Shemeji mwenyewe hakuwa fundi. Alikuwa karani mwenye simu, bisibisi na muda mwingi wa kutazama video za watu wanaotengeneza magari. Miezi miwili nyuma alijifungia uani na gari la mkewe siku nzima, na jioni akatoka anajipongeza: amefunga swichi ya siri ya kuwakomesha wezi. Twiga alipoikagua aliiona iko sawa. Aliona hata aibu kidogo kwamba karani anaweza kufunga waya vizuri vile.

Plagi alikuwa amebadilisha zote nne. Koili aliipima. Alichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma, akisikiliza silinda ipi haibadilishi mlio, na zote zilibadilisha. Kila alipotoka nalo barabarani lilikwenda bila kinyongo. Dada akilichukua tu, maradhi yanarudi. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba ana mkosi, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe alishaanza kuwaamini.

Safari hii Twiga alisema, "Endesha wewe. Mimi nakaa pembeni."

Hawakumaliza hata mtaa. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza kama inayosikiliza, ikakohoa tena. "Umeona sasa," dada alisema taratibu. Jua la saa sita lilikuwa utosini, lakini nywele za shingo zilimsimama Twiga. Alikuwa hajawahi kuogopa gari maishani mwake.

Wakasimama, wakabadilishana nafasi bila kuzima injini. Twiga alijibana, mkono ukashuka chini kwa mazoea, siti ikarudi nyuma. Injini ikatulia. Yeye akabaki vile vile na mkono chini. Akaivuta siti mbele, jino baada ya jino, mpaka ilipofunga pale anapokaa dada yake. Injini ikakohoa. Nyuma, ikatulia. Mbele, ikakohoa. Alirudia mara tano, na kila ilipomtii aliichukia zaidi.

Gereji alifungua siti akaitoa. Waya wa ile swichi ulipita hapo chini. Swichi yenyewe ilizima injini kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye bodi ya gari, kwa hiyo waya huo ukigusa chuma chochote, plagi zinakosa moto. Kwenye barabara laini ungegusa na kuachia. Kwenye kishindo cha reli ungeng'ang'ania.

Twiga alikuwa na tusi la kazi mbovu tayari mdomoni. Hakulitoa. Waya ulikuwa umeviringishwa tepu kwa subira, mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa upana wa kidole gumba. Hapo plastiki ilikatwa kwa wembe, pande zote mbili zimenyooka. Mkabala wake, sehemu inayofika hapo siti ikivutwa mbele, rangi ya chuma cha siti ilikuwa imekwanguliwa mpaka ikang'aa.

"Imechubuliwa na siti," dada alisema.

"Mchubuko hauendi mstari, dada."

"Si fundi yule, mdogo wangu. Alikosea."

Twiga alitamani kwa moyo wote iwe hivyo. Mtu huyo alibeba naye jeneza la baba yao, bega kwa bega, na alilia kuliko wao.

Simu iliita. Alikuwa shemeji. Twiga akaweka sauti kubwa.

"Shemeji, tatizo umelipata?"

"Bado. Nimeliendesha, halina shida."

"Si nilisema? Ni yeye. Mrudishie tu aende zake."

Twiga alimtazama dada yake. "Yeye kichwa kinamuuma, anabaki hapa kwangu. Pita ulichukue wewe. Ila siti imenasa mbele, hairudi. Jikunje tu, si mbali, ukivuka reli umefika."

Upande wa pili feni ya ofisini kwake ilisikika ikizunguka.

"Imenasa mbele kabisa?"

"Pale pale anapokaa yeye."

"Basi liache hapo," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule wa siku zote. "Nitatafuta mtu aje alivute. Mpe pole mwenzangu."

Simu ikakatika. Dada aliivuta ndoo ya vyuma chakavu, akaipindua, akakaa juu yake na gauni lake la kazini.

"Tangu afunge hiyo swichi, mtoto hapandi tena gari na mimi, anampeleka yeye shule," alisema. "Kwa miguu, kila asubuhi. Nikawa nawaambia wenzangu kazini nimepata mume anayempenda mwanawe."