Chumvi ya Jua Iliyorudishwa

Mfuko wa chumvi ulirudi Likasi juu ya baiskeli ileile iliyoupeleka Kapolowe. Mwenye baiskeli aliutua mlangoni kwa Hélène, akafuta jasho, akatazama pembeni kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba.

"Mama Suzanne anakusalimia," alisema. "Anasema hii munyu, hapana."

"Hapana namna gani?"

"Inatoka maji. Tena iko buchungu. Alitia ku samaki, bantu wakatema."

Hélène alifungua mfuko. Kweli, chumvi ilikuwa imelowa na kushikana. Aliionja. Kwanza ilikuja ladha ya chumvi yenyewe, halafu uchungu kama wa kidonge cha malaria ukakaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka.

Suzanne alikuwa muuza samaki wa chumvi, na wauzaji wote wa Kapolowe walisikiliza ulimi wake. Akikataa yeye, wamekataa wote.

Kila kiangazi, mto Lufira ukishapungua, Hélène na wenzake walikwenda kwenye uwanda wenye udongo mweupe, ng'ambo ya Kapolowe. Waliukwangua udongo ule, wakaumwagia maji, wakayachuja, kisha wakayapika mpaka chumvi ibaki. Mama zao walifanya hivyo, na mama za mama zao. Lakini moto ule ulikula miti. Mwaka hata mwaka msitu ulirudi nyuma, na njia za wakata kuni zikapita katikati ya majani marefu ya kinamasi, pale korongo wanapotagia.

Ndipo alipokuja Étienne, mlinzi wa hifadhi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gogo lao, akakubali chai, akawaambia kwamba moto ukiendelea uwanda utafungwa, na hatakuwa na la kufanya. Hélène aliomba kiangazi kimoja cha kujaribu jua: mabeseni mapana ya kuchimbwa, yaliyotandikwa turubai jeusi, mbali na majani ya ndege. Étienne alikubali.

Kuwashawishi wenzake ndiyo ilikuwa kazi. Na ili mtu asirudi nyuma kwa siri, Hélène aliwaambia waache kila kitu cha moto: masufuria, mafiga, hata vile vikapu virefu vya majani, vyenye ncha chini, ambamo walizoea kutia chumvi mbichi ikitoka jikoni. "Sasa iko mifuko," aliwaambia. Waliyaacha maji juani mpaka yakauke yote, wakakwangua, wakafunga.

Na sasa mfuko ulikuwa mlangoni.

Mchana ule alikuja Orpa, jirani yake na mwenzake wa uwandani, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mama Hélène! Nasikia jua yako haijui kupika."

"Kaa kwanza."

"Nikae niseme nini? Banamuke wananoa mashoka. Miye nitawazuia na nini, na ulimi?"

"Wangojee mpaka Jumapili."

"Jumapili," Orpa alisema, akionja chumvi na kukunja uso. "Eh, Mungu. Hii ni munyu ama ni azabu?" Lakini alipoondoka alikuwa ameahidi kuwazuia mpaka Jumapili.

Hélène hakulilaumu jua, wala hakumlaumu Suzanne. Kitu kikiharibika, desturi yake ilikuwa kukiweka karibu na kile kilichofaulu, akavitazama. Alichukua donge la chumvi ya mwaka uliopita, akaliweka kando ya ile ya turubai. Huenda ni turubai, aliwaza. Alikuwa na dumu la maji ya uwanda nyumbani. Akakausha kidogo juani ndani ya sahani ya bati. Uchungu uleule. Basi huenda ni jua lenyewe. Akapika mengine juu ya makaa mpaka yakakauka kabisa. Uchungu uleule! Hapo akili yake ilifika ukutani. Chumvi ya moto nayo ilikuwa chungu, na chumvi ya moto ndiyo waliyokula maisha yao yote.

Mfuko ulihitajika kwa unga. Kuitupa chumvi alishindwa. Basi aliisukumia ndani ya kikapu cha zamani cha mama yake, kirefu chenye ncha chini, kilichokuwa kimetundikwa jikoni, akaenda zake kufua.

Kesho yake alasiri, Godefroid, mumewe, alirudi kutoka kiwandani, akakaa kwenye kigoda chake jikoni kuvua viatu. Tone likamwangukia kwenye upara. Likafuata lingine.

"Nyumba inavuja na mvua haiko!" alisema. Tone likateremka mpaka mdomoni. Akaruka. "Weee! Hélène! Unataka kuniua? Nini hii?"

Hélène alikuja mbio, mikono ina povu. Alitazama upara wa mumewe, akatazama ncha ya kikapu, akaweka kidole chini yake. Tone likaja. Alilionja, na macho yakamtoka. Kisha akaingiza mkono ndani ya kikapu, akatoa chumvi. Ilikuwa nyeupe, kavu, inamwagika yenyewe. Alionja. Alionja tena.

"Godefroid, onja."

"Miye nimekwisha kuonja."

"Ile ilikuwa maji. Onja munyu."

Godefroid aliweka chembe moja kwenye ulimi, kwa tahadhari ya mtu aliyeumwa na nyoka. Uso wake ukalegea. "Eh! Hii ni munyu ya mama yako."

Hélène alikaa kizingitini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Siku zote chumvi mbichi ilidondoka usiku kucha ndani ya vikapu vile, nao wakidhani ni maji tu yanayotoka, ili mzigo uwe mwepesi. Kumbe uchungu ndio uliokuwa unashuka. Jua halikuwa na kosa. Kikapu ndicho walichokifukuza bure.

Jumapili, baada ya misa, Orpa alisikiliza yote, mikono kiunoni. "Kwa hiyo ulikifukuza kikapu, na chenyewe kikakufuata mpaka ku jikoni." Alicheka kuliko wote, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata majani ya kusuka vipya.

Suzanne aliionja chumvi mpya mbele yao pale Kapolowe, akapaka samaki mmoja, akangojea, akaonja. Akachota mara ya pili, polepole.

"Na hii mlikuwa mumeificha wapi?" aliuliza. "Leteni yote."

Étienne alifika uwandani siku vikapu vimepangwa juu ya vijiti, kila kimoja na dumu chini yake. Aliuliza maji yale machungu yanakwenda wapi.

"Hayaendi ku kinamasi, papa," Hélène alimjibu. "Tunarudi nayo Likasi. Ninamwaga mu kiwanja, mavumbi yanalala."

Étienne alitembea mpaka kwenye mafiga ya zamani. Yalikuwa baridi, majani yalikwisha kuota katikati yake. Alivua kofia, akapumua kwa nguvu, kama aliyekuwa amebeba gunia njia nzima.

"Bon," alisema. "Uwanda unabaki wenu. Nitawaambia wakubwa."

Orpa alifungua mdomo apige vigelegele. Pale pale, kwenye ukingo wa majani, korongo wawili walitokea, wakitembea taratibu, karibu kuliko walivyowahi kuja wakati wa moshi. Orpa akafunga mdomo.

"Asante, papa," alinong'ona.